Kukulia nyuma ya mstari

Maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu, mfanyakazi wa shirika moja la misaada katika teritware ya Fizi, mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tumepunguza kidogo tu.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu tuliopanda meli pamoja na ndugu tuliokutana hapa hapa, na ninyi wageni wetu wafadhili mliokaa upande ule wa turubai ambako jua halifiki: karibuni sana.

Mwenyekiti aliniomba niseme dakika ishirini juu ya watoto wa chama. Nilipomuuliza niseme nini juu yao, alicheka: "Wewe njo unazungukaka vijijini, utajua." Basi nitasema juu ya jambo moja ambalo ninakutana nalo kila wiki kazini, na ambalo liko ndani ya karatasi mtakayoipigia kura mchana huu, ile ya kubadilisha kifungu cha 5 cha katiba yetu. Wengi mmeshaisoma. Wengine mmeshaanza kugombana juu yake tangu jana jioni, nimesikia.

Juu ya mtoto wa vita tumesema mengi, na wafadhili wetu wanalijua neno hilo vizuri. Leo nataka kusema juu ya mtoto mwingine, yule anayekula, anayelala, anayekwenda masomo kila asubuhi, lakini anajua kwamba njia ile si yake, bomba lile si lake, mchanga ule wa ziwani si wake. Anakulia nyuma ya mstari. Mara nyingi mstari wenyewe hauonekani, lakini yeye anajua unapita wapi kuliko hata mtu aliyeuchora.

Tuko kati ya tarehe mbili. Tarehe 20 Juni tumefanya Siku ya Wakimbizi, tarehe 30 tutafanya Siku ya Uhuru. Wengi tunajua kwamba tarehe 30 Juni 1960 Lumumba alisimama mbele ya mfalme Baudouin akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye programu. Tunakumbuka alivyotaja kazi ya shuruti, magereza na watu waliouawa. Lakini mimi nikiyasoma maneno yale huwa nasimama mahali pengine. Alitaja pia sinema, mikahawa na maduka ambamo Mweusi haingii. Alitaja mashua za mtoni, Mweusi chini kwenye chuma na Mzungu juu katika chumba chake kizuri. Alitaja hata lile neno la Kifaransa, "tu", ambalo Mweusi aliitwa nalo, si kwa sababu ni rafiki, bali kwa sababu "vous" ilikuwa imewekewa Wazungu. Kwa siku kubwa kama ile, mtu angeweza kusema hayo ni mambo madogo. Lakini hayo njo mtoto anayoyaona. Mtoto haoni sheria za koloni. Anaona nani anakaa wapi ndani ya mashua.

Mwaka huu nimekuwa nikiwasikiliza wazee, kwa ajili ya kile kitabu kidogo cha masomo ya watu wazima. Mmoja wao anaishi Mboko. Alikulia Albertville, yaani Kalemie ya leo, kwa sababu baba yake alipata kazi kwenye reli. Enzi hizo Baraka ilikuwa ndogo, na mtu wa Fizi aliyetaka mji alikwenda Uvira, au Usumbura, au kule Albertville, ambako reli ya CFL ilifika ziwani mwaka 1915, ikafuata bandari, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Wazungu walijenga juu ya kilima, wakitazama ziwa, mahali penye upepo. Weusi walikaa kwenye site.

Vijana hapa labda hawajui site ilikuwa nini. Mnasikia neno, mnafikiri ni mtaa tu. Ilikuwa mtaa wenye mlango wa saa. Mchana Mweusi alipanda kwa Wazungu kupika, kufua, kulea watoto, kufagia ofisi. Usiku ukiingia ilibidi awe ameshuka, ama awe na karatasi ya kueleza kwa nini bado yuko juu. Katika miji mikubwa kama Élisabethville waliacha hata ukanda mtupu kati ya sehemu mbili za mji, mita 500 na zaidi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa afya: mbu wa malaria, walisema, hawezi kuruka mbali hivyo. Yaani mtoto mweusi alihesabiwa kama kopo la maji yenye viluwiluwi. Lakini mama yake aliyemlea mtoto wa Kizungu kutwa nzima, yeye hakuleta malaria. Mbu, inaonekana, aliheshimu saa za kazi.

Yule mzee wa Mboko hakuniambia juu ya sheria hizo. Aliniambia juu ya mkate. Kulikuwa na duka lililokuwa na mlango na dirisha, na wao walinunulia dirishani. Kutoka dirishani huwezi kuona mikate yote. Unaletewa mmoja, unalipa. Anasema mpaka leo, na sasa amepita miaka themanini, akiingia dukani huwa anasimama kwanza karibu na mlango, na mjukuu wake anamvuta mkono: "Kuya, koko, ingia!" Aliniambia pia baba yake alimfundisha kutembea. Kutembea, mnasikia? Ukitumwa juu kwa Wazungu, usikimbie, maana mtoto mweusi anayekimbia ni mwizi. Usitembee polepole sana, maana huyo anachungulia nyumba. Usiimbe. Beba kitu mkononi, hata karatasi tupu, waone umetumwa. Na kuoga ziwani, kule chini ya kilima chao, hapana. Watoto wa site walikwenda mbali, upande wa mitumbwi, ambako maji yalinuka samaki.

Nikamuuliza: mzee, mlikuwa mnasikia hasira? Akafikiri. "Hapana, mama. Hasira ilikuya nyuma. Mu ile wakati nilizania njo vile dunia iko."

Neno lile nimelibeba tangu siku ile. Mtoto hawezi kujua kwamba mstari ulichorwa. Kwake mstari ni kama mlima wa Ubwari pale ng'ambo, uko tu, ulikuwapo, utakuwapo. Mtu mzima aliyenyimwa kitu anajua amenyimwa. Mtoto anajifunza kutokutaka.

Halafu kulikuwa na karatasi. Wabelgiji walipoona Weusi wenye masomo wameanza kunung'unika, hawakufuta mstari. Walifungua kitundu. Mwaka 1948 walileta kadi ya watu wenye mwenendo mzuri, na mwaka 1952 wakaleta imatrikilasio, yaani kuandikwa katika daftari la wale walio karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria. Ili uandikwe, kamati inakuja nyumbani kwako. Wanatazama choo, wanatazama vitanda vya watoto, wanatazama kama mnakula mezani kwa uma, kama unakaa na mke mmoja, kama unasoma vitabu na ni vitabu gani. Lumumba mwenyewe alikataliwa mara ya kwanza, akaipata 1954. Mpaka koloni inakaribia kufa, katika nchi yenye mamilioni ya watu, walioandikwa katika daftari hilo hawakufika hata mia tatu. Lakini fikirini ni watu wangapi waliosafisha choo wakingoja kamati, na ni watoto wangapi walioambiwa: kaeni vizuri, mkikosea tu, baba atakosa karatasi.

Naomba mkumbuke neno hilo, karatasi, maana tutalirudia tukifika kwenye kifungu cha 5.

Mtasema mambo ya Wabelgiji yamekwisha. Wengine mna watoto na ndugu kule Marekani, waliochukuliwa kutoka Nyarugusu. Mtoto wa shangazi yangu yuko North Carolina na watoto wake wanne, na hunitumia sauti za dakika kumi na mbili kwenye simu, Mungu amsaidie. Katika kanisa lake kuna bibi mmoja Mweusi wa huko huko, aliyekulia mji mdogo wa pwani, pwani ya bahari. Pwani ile ina historia yake. Mji wa Wilmington ulikuwa na Weusi kwenye baraza la mji, na mwezi wa kumi na moja 1898 Wazungu wenye bunduki waliipindua serikali ile ya mji na kuwaua Weusi mitaani. Miaka miwili kabla, mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imeshasema kutenganisha watu ni halali, mradi kila upande upewe vitu vilivyo sawa. Vitu havikuwa sawa hata siku moja, lakini sheria iliishi hivyo mpaka mahakama ile ile ilipoikataa katika shule, mwaka 1954. Ufuko mzuri ulikuwa wa Wazungu. Weusi walikuwa na wao, Seabreeze, karibu na mji ule, nao waliupendeza kwa mikono yao, wakaweka hoteli na ngoma na samaki wa kukaanga.

Bibi yule alimwambia binti wa shangazi yangu kwamba siku ya kwenda mjini mama yao aliwapeleka wote chooni kwanza, hata asiyetaka, kwa sababu mjini hakuna choo cha mtoto mweusi. Na viatu: hawakuruhusiwa kujaribu kiatu dukani. Mama alichora mguu wa kila mtoto juu ya karatasi nyumbani, akaikata, akaenda nayo.

Hayo nilimsimulia mzee wetu wa Mboko. Alicheka mpaka akakohoa. "Aa! Kumbe walisoma masomo moja!"

Sasa nije kwetu.

Mimi nilivuka ziwa mwaka 1996, nina miaka minane. Wengi hapa tulivuka mwaka ule au 1998. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, katika wilaya ya Kasulu, na wengine mlipita kwanza Lugufu, ambayo ilifungwa 2009. Sitaki mtu atoke hapa aseme nimeifananisha Tanzania na Wabelgiji. Tanzania ilitupokea tukiwa na nguo moja, ikatupa ardhi ya kulalia, na wapo Watanzania waliotuzika wafu wetu kama wa kwao. Hilo halifutiki. Lakini nilisema nitasema juu ya mtoto, na mtoto wa kambi alikuwa na mstari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilitaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa. Ndani ya sheria kuna vifungu vingi. Kwetu watoto ilikuwa na tarakimu moja: kilomita 4. Ukipita hapo bila kibali, wewe ni mhalifu, hata kama unatafuta kuni.

Na tulipita. Nani hapa hakupita? (Watu wanacheka.) Posho ilikuwa ya unga na maharagwe, na mashamba ya wenyeji wa Makere yalitaka vibarua. Mama yangu alipita karibu kila wiki wakati wa kulima, nami nilikwenda naye. Usiku kabla ya kwenda alitufundisha. Hakutufundisha kutembea, kama baba wa yule mzee. Alitufundisha kusema. Usiseme "ndakala", sema "dagaa". Usiseme "minakuya", sema "ninakuja". Usiseme "aksanti", sema "asante". Usiseme "mingi" kwa kila kitu. Akikuuliza unatoka wapi, taja kijiji, usitaje kanda wala blok. Na ukisahau, nyamaza, jifanye mjinga, mjinga hafungwi. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano, alikuwa bingwa. Angeweza kumdanganya mtu wa Kasulu mwenyewe.

Tulifikiri ni mchezo. Mimi nilianza kuiona maana yake niliporudi.

Mnakumbuka kurudi. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilitoka Kigoma kuja Baraka, na sisi tulipanda Mwongozo mwaka 2007, na mikeka, ndoo, turubai na chakula cha miezi michache. Watu waliimba mpaka milima ya Fizi ikaonekana, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, mnakumbuka ukimya ule. Wiki ya kwanza nilitumwa sokoni. Nikasimama mbele ya mama mwenye beseni, nikasema, kwa adabu zote, "Shikamoo mama, naomba dagaa." Soko lote liligeuka. "Weee, mu-Tanzania! Dagaa njo nini?" Maneno yale yale yaliyotufanya tusikamatwe Kasulu ndiyo yaliyotufanya wageni kwetu. Miaka miwili niliitwa mu-Tanzania. Wengine mliitwa "bale ba Nyarugusu", na wengine "ba turubai". Na sisi tukawaita wao "wabakiaji", kana kwamba kubaki msituni, kula mizizi, kuzika watoto milimani ya Itombwe, ilikuwa starehe.

Watoto walisikia majina hayo yote. Sisi tulikuwa tunatukanana, wao walikuwa wanajifunza jiografia ya mji.

Nisimulie kitu kimoja cha mwaka jana, nacho sitataja shirika wala avenyu. Bomba la maji lilichimbwa katika kartie moja hapa mjini. Mradi ulikuwa wa wakimbizi waliorudi, kwa hiyo kulikuwa na orodha. Watu wakawa wengi, kamati ya bomba ikaamua kuandika namba kwa rangi nyekundu juu ya bido za walio kwenye orodha. Bido yenye namba inateka kwanza. Isiyo na namba inangoja mpaka zile zote ziishe, na mara nyingi saa ya kufunga inafika kabla. Nilikwenda pale asubuhi mara tatu kwa kazi. Watoto njo wanatekaka maji, mnajua. Walikuwa mistari miwili, na hakuna mtu mzima aliyewapanga. Mstari wa namba ulikuwa kivulini.

Mara ya tatu kulikuwa na msichana, labda miaka tisa, mtoto wa watu waliobaki. Alikuja na bido yake imeandikwa 61. Baba yake ni mvuvi, na rangi ilikuwa ile ya kuandikia jina la mtumbwi, si nyekundu kabisa, iko kama ya matofali. Alikuwa amejiandikia mwenyewe usiku. Mtoto mwenye 61 ya kweli alikuwapo, akapiga kelele, na msimamizi akaimwaga bido ya yule msichana pale pale chini. Hakumpiga. Hakumtukana. Aliimwaga tu, akampa mkononi. Msichana hakulia. Aliifunika kifuniko, akaenda kusimama kwenye mstari wa jua, mwisho.

Nimeona mambo makubwa kuliko hilo katika kazi hii, na ninyi mmeona zaidi. Lakini mtoto aliyelia angekuwa amenyimwa maji. Huyu alikuwa ameshajua mahali pake.

Ndugu wafadhili, naomba mnisikilize bila kukasirika. Najua fedha hutolewa kwa jina. Najua kule kwenu kuna mtu anayeuliza: waliorudi ni wangapi, waliohama ndani ya nchi ni wangapi, familia zilizowapokea ni ngapi, na fomu ina visanduku. Mimi mwenyewe hujaza visanduku hivyo, ndiyo kazi yangu. Lakini mnapoleta bomba, msilete kisanduku pamoja nalo. Hesabuni nyumba za kartie, hesabuni watoto, hesabuni umbali wa kwenda ziwani, ambako kipindupindu kinatungoja kila mwaka. Kipindupindu hakiulizi nani alipanda Mwongozo. Na mkiweka kibao chenye majina yenu, tunawashukuru, ila msiandike juu yake ni maji ya nani.

Sasa wanachama. Kifungu cha 5 kinasema mwanachama ni mtu aliyerudi na mwenye fomu ya kurudi. Tulikiandika hivyo tulipoanza, tukiwa wachache, na kulikuwa na sababu: watu walijiita wakimbizi ili wapate turubai. Lakini tazameni kilichotokea. Wale waliochoka kungoja meli wakavuka usiku kwa mtumbwi, wakilipa wenyewe, hawana fomu. Kwa chama chetu, hawakurudi. Mama aliyezaa watoto sita kambini, akapoteza fomu nyumba ilipoungua, hakurudi. Na mtoto aliyezaliwa hapa Baraka baada ya 2007, ambaye hajawahi kuiona Tanzania, yeye amerudi, kwa sababu baba yake ana karatasi. Tumefungua kitundu kile kile, na sisi ndio kamati inayokuja kutazama choo.

Najua jibu. Nimelisikia jana kwa masikio yangu: "Fedha ya chama ni jasho letu. Tulianza na likelemba kambini, franka kwa franka. Na hao waliobaki walichukua parsele zetu, walikata michikichi yetu, wanakaa katika nyumba zetu." Ni kweli. Si kwa wote, lakini kwa wengi ni kweli, na kesi ya parsele ya familia yangu iko kwa chifu mpaka leo. Nami nasema iendelee kwa chifu. Mwenye kuchukua parsele adaiwe parsele, na mashahidi waitwe, na michikichi ihesabiwe. Lakini msichana wa 61 hakuchukua parsele ya mtu. Mkitaka, ulinzi wa akiba yetu uwekwe kwa njia nyingine: mtu mpya achangie mwaka mzima kabla ya kukopa, awe amerudi, awe amebaki. Hilo tumeliandika katika pendekezo, aya ya tatu.

Na kuna watoto wengine ambao kifungu kipya kitawafungulia mlango, na najua hapa turubai litakuwa kimya. Ni wale waliohamishwa na mapigano ya milima ya juu miaka hii ya karibuni, Wabembe, Wafuliru, Wanyindu, na Wanyamulenge pia. Kabla ya 1996, nikiwa darasa la pili hapa Baraka, nilikaa benchi moja na mtoto ambaye baba yake alishusha ng'ombe kutoka juu. Alikuwa anajua hesabu kunizidi, nami nilikuwa ninajua kusoma kumzidi, tulikuwa tunabadilishana. Kisha benchi likawa langu peke yangu. Yaliyotokea Lweba mwaka ule yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, na yaliyotokea Makobola mwisho wa 1998 yameandikwa humo humo. Kila upande una ukurasa wake, na kila upande unapenda kusoma ukurasa wake tu. Mimi wakati ule sikumwuliza mtu yeyote yule mtoto amekwenda wapi. Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani njo vile dunia iko.

Sisemi kwamba kura ya leo italeta amani ya milima. Chama cha akiba hakileti amani ya milima. Ninachosema ni kwamba sisi tunamiliki mabomba mawili, mashine moja ya kusaga, na kisomo cha jioni chenye watoto na mama zao. Hizo ni sehemu tatu katika mji huu ambapo watoto wanapanga mstari kila siku. Wabembe tuna lubunga, na mgeni akifika lubunga hupewa kiti kabla hajaulizwa ukoo. Mabomba yetu hayana kiti. Basi angalau yasiwe na namba nyekundu.

Pendekezo liko ukurasa wa pili wa karatasi mliyogawiwa. Asiyesoma, katibu atalisoma kwa Kiswahili na kwa Kibembe. Linataka theluthi mbili. Wenye kupinga wapewe nafasi ya kusema kwanza, nimemwomba mwenyekiti hivyo, na wasikatizwe. Ila tungeanza na akina mama waliotoka Ubwari, wawe wanapinga au wanaunga mkono, maana wamekuja kwa mtumbwi na upepo wa mchana umeshaanza kupiga.